Tulibomoa Wenyewe Nyumba ya Shangazi

Simu iliponifikia nilikuwa juu ya ukuta wa darasa, Kabambare, napanga tofali za mstari wa mwisho. Mimi ni fundi mwashi. Nikiwa juu huwa sipokei simu, lakini ile iliita mara nne mfululizo, nikashuka. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Kasongo, jirani wa shangazi yangu. Nyumba yake na ya shangazi zilikuwa zinatazamana, barabara katikati. Siku hiyo hakunizungusha kwa salamu kama kawaida yake.

"Baba, ukuje," akasema. "Wamekuja kupiga musalaba kwa nyumba ya shangazi yako. Na rangi nyekundu. Kwetu hawakupiga. Ni upande wenu tu."

Nikamuuliza shangazi mwenyewe anasema nini.

"Hasemi kitu. Iko anafagia."

Nilimwambia nitakuja. Kisha nikapanda tena nikamaliza ule mstari, kwa sababu saruji ilikuwa imeshakorogwa na ingekauka. Watu wakiniuliza leo nilisikia nini siku ile, nakumbuka hilo tu: saruji ilikuwa nyepesi mno, nikawa napima mara mbili mbili ili tofali zisiteleze.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Nilipokuwa na miaka saba baba alinipeleka kwake Kasongo nikasome, maana kijijini kwetu, upande wa Wamaza, mwalimu alikuwa ameondoka na hakuna aliyekuja kushika nafasi yake. Nilikwenda kwa mwaka mmoja, nikakaa mpaka nilipoota ndevu. Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto mwingine. Mume wake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu kabla mimi sijafika, na habari zake zilikuja kidogo kidogo, mwishoni zikakatika. Shangazi hakuolewa tena. Alikuwa anapika mikate ya unga wa mchele asubuhi na kuiuzia barazani, na kwa mikate hiyo nilisoma, nikavaa, na baadaye nikanunuliwa mwiko wangu wa kwanza wa ujenzi.

Nyumba ilijengwa na babu yake, mfanyabiashara aliyehamia Kasongo kutoka Nyangwe. Ilikuwa nyumba ya udongo ya zamani, kuta nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, baraza ndefu mbele yenye nguzo za mti, vyumba viwili huku na viwili huku, na ukumbi katikati uliotoka moja kwa moja mpaka uani. Mchana wa jua kali ungeingia mle na kusikia ngozi inapoa. Nilipokuwa mtoto, nyumba za namna hiyo zilijaa barabara yetu yote. Hadi mwaka ule zilikuwa zimebaki nne.

Na mimi mwenyewe, lazima niseme, sikuzipenda. Nilikuwa nimejifunza tofali za kuchoma na saruji, na kila nilipokwenda kumsalimia shangazi nilimwambia nyumba yake imechoka, aniruhusu niiangushe nimjengee ya kisasa. Alikuwa ananiangalia tu. Mara moja alinijibu: "Imechoka kwa nani?"

Nilisafiri kwa pikipiki siku mbili. Mvua ilitukamata, tukalala Wamaza kwa ndugu wa dereva, kesho yake tukasukuma pikipiki kwenye matope zaidi ya kuipanda. Nilipofika Kasongo jua lilikuwa bado juu. Shangazi alikuwa amekaa barazani na ungo mapajani, anachagua mchele. Msalaba ulikuwa pale ukutani, kati ya mlango na dirisha, mkubwa kuliko nilivyofikiri. Rangi ilikuwa imechuruzika kidogo chini.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

Alikwenda kuniwekea maji ya kuoga. Nikawa nimesimama mbele ya ule msalaba, mfuko bado begani, natafuta la kufikiri. Nikaona tu kwamba aliyeupiga hakutumia kamba: mstari wa kulala ulikuwa umepinda.

Kesho yake alikuja shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, mzee wa makamo, mpole, ana karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Alikaa barazani, akakubali chai. Akatuelezea kwamba barabara itapanuliwa, kwamba enjenia wamepima, na kamba yao imepita ndani ya nyumba zote za upande wetu, za zamani na mpya. Watu watapewa viwanja nje ya mji, karatasi ziko njiani. Mashine ya kubomoa itafika Ijumaa ya wiki inayofuata.

"Mbona upande huu tu?" nikauliza.

"Mimi sikushika kamba," akasema. "Walipima, wakaniambia." Akanywa chai. "Kuna kitu kimoja. Wale watabomoa wenyewe mbele ya mashine kufika, manjanja ya paa ni yao, miti ni yao, mulango ni yao. Mashine ikikuta nyumba imesimama, inasukuma vyote pamoja. Hapo usitafute hata musumari."

Alipoondoka, shangazi alikusanya vikombe. Nilimngoja arudi, nikamuuliza kama tungoje mashine au tubomoe wenyewe. Hakukaa chini kunijibu.

"Mashine inabomoa namna gani?"

"Inasukuma ukuta. Paa inaanguka ndani."

"Na wewe, ungebomoa namna gani?"

"Ningeanzia juu. Bati moja moja. Kisha miti, kisha milango, kuta mwisho."

"Basi anzia juu," akasema, akaingia ndani.

Nilipanda juu ya paa Jumatano asubuhi. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kunisaidia sokoni, lakini wanaume wa upande wetu wote walikuwa wanabomoa kwao. Nikang'oa bati la kwanza peke yangu na kulisukuma mpaka ukingoni. Nilipochungulia chini nilimwona yule mama jirani amesimama, kitenge amekifunga kiunoni, mikono ameinua.

"Shusha," akasema. "Nitapokea."

Ni mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, Mkristo wa kanisa kubwa, ambaye kila Idi alipokea sahani kutoka kwetu na kila Noeli alituletea sahani kutoka kwake. Alipokea mabati yote ya nyumba ile kwa mikono yake, siku mbili, akayapanga uani kwake. Shangazi alikaa pembeni juu ya kigoda, mbele yake jiwe, na nyundo ndogo mkononi. Kila msumari niliong'oa aliuokota, akaulaza juu ya jiwe, akaunyosha. Tuk, tuk, tuk. Mimi juu, yule mama chini, na hiyo sauti kati yetu. Hatukuongea sana. Kazi ilikwenda vizuri.

Jirani alileta chakula kila mchana: ugali na sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki. Mimi nilikula. Shangazi alinawa mikono, akasogeza sahani upande wangu. Siku ya tatu yule mama hakuvumilia.

"Shangazi amekataa chakula yangu siku tatu," akaniambia mimi, ingawa shangazi alikuwa pale pale.

"Sijakataa," shangazi akasema. "Sina njaa."

"Mimi sikupima ile barabara."

"Najua."

"Kama kamba ingepita kwetu, wewe ungeniletea chakula, na mimi ningekula. Ningelia na ningekula."

Shangazi alinyosha msumari mmoja mpaka mwisho, akautia ndani ya kopo. "Ningekuletea," akasema. Akavuta sahani, akala sombe kidogo, mara tatu nne, akitafuna polepole kama mtu anayemeza dawa. Yule mama akageuza uso wake barabarani. Hilo lilikwisha hivyo, na kesho yake shangazi akala bila kuambiwa.

Milango na madirisha niliyatoa Jumamosi. Kisha nikaanza kuta, na hapo nikapata taabu ambayo sikuitazamia. Nilikuwa nimehesabu siku moja, labda moja na nusu; ni udongo, nikasema, utaanguka kwa sururu. Sururu iligonga na kurudi. Nilipotoa kipande cha kwanza nikakishika mkononi, nikaona udongo umekandwa na pumba za mpunga, laini, umekazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limeachwa likauke kabla ya kuwekwa lingine. Aliyejenga ukuta ule hakuwa na haraka. Mimi nimejenga madarasa ya saruji yaliyopasuka kabla watoto hawajamaliza mwaka. Nilisimama na kile kipande nikijua kwamba nilikuwa nimekosea kwa miaka mingi, tena mbele ya mtu aliyekuwa anaishi ndani yake. Ni jambo ambalo lingepaswa kuniuma. Nilikitupa kwenye rundo nikaendelea kugonga.

Ndani ya chumba nilichokuwa nalala nilipokuwa mwanafunzi, lipu ilibanduka kwa vipande vikubwa, na ubavuni mwake zikaonekana rangi: nyeupe, buluu, nyeupe, kijani, nyeupe. Kila mwaka kabla ya Idi shangazi alipaka. Baadhi ya hizo nyeupe nilizipaka mimi. Nilijaribu kukisia ni zipi, nikashindwa.

Chumba cha shangazi nilikiacha mwisho kwa sababu alikataa kutoka. Kilikuwa cha nyuma, upande wa jikoni, na kitanda chake kilikuwa kimesukumwa kwenye ukuta wa uani tangu nilipomjua. Paa lilikuwa limekwisha ondoka, alilala chini ya turubai. Jirani alimwandalia kitanda kwake, naye akajibu kila mara kwamba bado. Jumatatu nikamwambia hakuna ukuta mwingine uliobaki isipokuwa wake. Alikunja mkeka, akachukua sanduku la nguo na birika la kutawadhia, akavuka barabara. Nilibomoa chumba kile mchana mmoja. Ukuta wa uani ulianguka mzima, kwa nje, kama ubao. Vumbi liliponishukia nilijifuta macho nikaangalia saa.

Jumanne nikasafisha. Hapo ndipo nilipofanya kosa, ingawa wakati huo sikujua kuwa ni kosa. Sijui kuacha kazi nusu. Nilibeba mabonge yote ya udongo nikayamwaga kwenye shimo la nyuma, nikang'oa mawe ya kizingiti, nikang'oa mafiga ya jikoni, nikafukia mashimo, nikapitisha jembe juu ya parseli nzima, eneo lote la nyumba na ua, mpaka ikawa sawa kama kiwanja cha kuchezea mpira. Yule mama alinisifu. Alisema hakuna aliyebomoa vizuri kama mimi.

Jumatano asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, jua limeshatoka, nilimkuta shangazi amesimama katikati ya uwanja ule. Alikuwa anageuka polepole, anaangalia chini.

"Mulango wa nyuma ulikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa mkono. "Hapa. Ao hapa, karibu."

"Sema vizuri. Hapa ao hapa?"

Nikatazama na mimi. Sikuweza kusema. Nilikuwa nimepita katika mlango ule maelfu ya mara, na sasa ningeweza kukosea kwa hatua mbili.

"Unatafuta nini, shangazi?"

Alinieleza akiwa amesimama, bila kupunguza sauti wala kuikaza. Kabla mimi sijaja Kasongo, kabla mume wake hajaenda kwenye dhahabu, alizaa. Mtoto alitoka kamili, vidole vyote, nywele nyingi, lakini hakulia. Mama wa shangazi ndiye aliyemzalisha. Watoto wa namna hiyo hawakupelekwa makaburini pamoja na watu wengine. Walizikwa nyumbani na wanawake. Mama yake alimzika chini ya upenu, pale mvua haifiki, hatua tatu kutoka mlango wa nyuma ukienda jikoni, kando ya ukuta wa chumba. Ukuta ule wa kitanda.

"Nilifikiri nitakuonyesha baadaye," akasema. "Nilifikiri ukuta ukiondoka nitaona tu. Sasa sioni."

"Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia lini?"

Miaka saba mpaka kuota ndevu, nilikuwa nimerukaruka pale, nimeoga pale, nimechinja kuku pale.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Wewe ni fundi. Tafuta mahali. Ile mashine isimukute."

Basi nilifanya kitu ambacho hufanywa siku ya kwanza ya kujenga. Nilichonga vigingi vya mti, nikatoa kamba yangu. Nilianzia mbele, kwa sababu nguzo za baraza zilikuwa zimeingia chini sana na mashimo yake, hata baada ya kufukiwa, yalibaki na udongo laini. Nikapata mashimo matatu, nikanyoosha kamba juu yake: huo ndio uso wa nyumba. Kutoka hapo nikapima pembe ya mraba kwa tatu, nne, tano, kama tunavyofundishwa, nikavuta kamba kurudi nyuma. Lakini urefu wa nyumba sikuwa nao. Sikuwahi kuipima. Mtu hapimi nyumba aliyokulia.

Shangazi akasema ukumbi ulikuwa na mikeka mitatu ukiitandika kwa urefu. Tukaazima mikeka kwa jirani, tukaitandika juani. Mimi nikasema chumba changu kilikuwa kitanda na nafasi ya kufungua mlango. Nikajilaza chini nijipime. Yule mama alikuja akatukuta hivyo, mimi nimelala katikati ya vumbi, shangazi amesimama kichwani pangu anasema sogea, sogea kidogo. Shangazi akamwambia mwenyewe, kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi. Yule mama alikaa chini pale pale, akavua viatu.

Mpaka adhuhuri nyumba nzima ilikuwa imerudi chini kwa kamba, vyumba vinne na ukumbi. Mlango wa nyuma mimi niliuweka mahali fulani. Shangazi akauweka hatua moja zaidi kuelekea kulia. Tulibishana kidogo. Mwishowe nikasema tutachimba kwangu na kwake.

Nilichimba kwangu kwanza, polepole, kwa mwiko badala ya beleshi. Udongo mwekundu, mgumu, kisha mkavu zaidi. Niliteremka mpaka kiunoni. Hakuna. Nikaenda kwake. Hapo, kwenye kina cha goti, udongo ulibadilika ukawa mweusi kidogo, na shangazi akapiga magoti. Nikautoa kwa mkono, bonge baada ya bonge, nikiuvunja kwa vidole. Ulikuwa udongo mweusi tu, na mizizi. Labda mti ulikuwa pale zamani. Nikachimba shimo la tatu katikati ya yale mawili, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya.

Nilijua tangu asubuhi kwamba hatutakuta kitu. Mifupa ya mtoto wa siku hiyo hiyo haikai katika udongo ule miaka hamsini. Kila mtu anayechimba misingi anajua. Sikumwambia. Sijui kama nilinyamaza kwa huruma au kwa uchovu.

Alasiri shangazi akasema, "Basi. Funika."

"Naweza kujaribu upande ule."

"Funika, baba. Iko hapa. Kama hatumuoni, na mashine haitamuona."

Nilijaza mashimo, nikashindilia udongo tabaka kwa tabaka, kwa sababu mkono wangu haujui kufukia vinginevyo. Nilipokuwa nashindilia nikamuuliza kama mtoto alipewa jina.

"Hakulia. Asiyelia hapewi jina," akasema. Kisha akaongeza: "Mimi nilimupa."

Sikumuuliza ni jina gani. Nilisikia kwamba ningeuliza angeniambia, na sikuuliza. Nilikunja kamba zangu.

Mashine ilifika Ijumaa kama ilivyosemwa, ya manjano, inatambaa, na watu wengi nyuma yake. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilikuwa bado imesimama. Wenyewe walikuwa wamekwenda Kindu kutafuta mkubwa wa kuwasaidia, hawakurudi kwa wakati. Watu walikwenda kuangalia hiyo. Kwetu hapakuwa na cha kuangalia. Mashine iliteremsha ubapa wake, ikapita juu ya parseli, ikarudi mara moja, ikaenda zake. Shangazi alikuwa ndani kwa jirani, anapanga nguo. Mimi nilisimama mlangoni. Nilitaka kuona kama ubapa utaleta kitu juu, na haukuleta. Nilipogeuka shangazi aliniuliza kama imepita. Nikasema imepita. Akaendelea kukunja nguo.

Mabati na miti vilikwenda Kabambare kwa lori lililokuwa linafuata mpunga. Shangazi nilimpakia kwenye pikipiki, kati yangu na dereva, amejifunga leso kichwani kwa vumbi. Wakati wa kuagana yule mama alimshika mikono yote miwili na kuzungumza naye kwa Kizimba, maneno ambayo mimi siyashiki vizuri. Walikuwa hawalii. Njia nzima shangazi alisema mara mbili tu, mara ya kwanza kuomba tusimame ili asali sala yake, mara ya pili kuniambia mgongo unamuuma.

Nilimjengea chumba na baraza ndogo, ubavuni mwa nyumba yangu. Sikujenga kwa saruji. Nilikanda udongo na pumba, nikaacha kila tabaka likauke, na mafundi wenzangu wakapita wakinicheka. Kazi ilichukua miezi miwili. Ni ukuta mzuri, lakini haukufikia ule. Mlango wa zamani ulikuwa mrefu kwa nyumba yangu, nikaukata chini.

Kabambare hakuipenda wala kuichukia. Majirani wanaongea Kibangubangu, naye anajibu kwa Kiswahili, wanaelewana kwa yanayohitajika. Baada ya kama miezi minne alinunua mchele, akatwanga, akaanza kupika mikate tena. Mke wangu alifurahi. Alisema sasa shangazi amefika. Mke wangu huyo huyo aliniuliza siku moja, tukiwa shambani, kwa nini sikulia tangu nilipotoka Kasongo. Alisema nyumba imekufa, tena na mtoto ndani, na mimi nimerudi kama mtu aliyetoka kununua chumvi. Nilimwambia nilikuwa na kazi. Ilikuwa kweli. Ninaendelea kungoja, wakati mwingine nikiwa juu ya ukuta, nione kama huzuni itakuja. Haijaja bado.

Mwaka jana nilikwenda Kasongo kununua vyuma kwa ajili ya zahanati tuliyokuwa tunajenga. Pikipiki iliingia mjini kwa ile barabara yetu. Ni pana sasa, lakini haikuwekwa changarawe. Mashine ilisimama mbele kidogo ya soko, na mwendelezo wake ni njia ile ile ya zamani. Nilikuwa naongea na dereva kuhusu bei ya mafuta. Nilipokumbuka kuangalia, tulikuwa tumeshapita. Sikumwambia arudi. Jioni nilikwenda kwa miguu kumsalimia yule mama, na kutoka mlangoni kwake nikatazama ng'ambo. Pikipiki zilikuwa zimeegeshwa, na wanawake wawili walikuwa wametandaza mihogo ikauke kwenye uwanja ule uliobaki bila kazi. Yule mama akaniambia wamekuwa wakianika pale tangu kiangazi, na aliwakataza mara moja, kisha hakujua awaambie sababu gani, akawaacha.

Niliporudi Kabambare shangazi alikuwa anageuza mikate kwenye kikaango. Aliniuliza kama jirani yake ni mzima. Nikasema ni mzima, goti ndilo linamsumbua. Akauliza kama wamemaliza barabara.

"Hawajamaliza," nikasema.

"Na pale, wamejenga kitu?"

"Hakuna. Wanawake wanaanika mihogo."

Akageuza mkate mmoja, akautazama kama umeiva, akaugeuza tena.

"Mihogo ni vizuri," akasema, akanipa wa moto nikale.